Zabuni Tunaiona, Tripu ya Mchanga Hatuioni

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mifumo ya kompyuta inayosimamia wakandarasi na gharama zao, na tumeamua kuitazama kupitia wilaya mbili za mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe. Hoja yetu ni moja. Serikali imefanya kazi kubwa ya kuingiza kwenye mfumo hatua ya kumtafuta mkandarasi, ilhali hasara nyingi huzaliwa baada ya mkataba kusainiwa: vifaa vinapopokelewa, na malipo yanapokawia. Huko ndiko mifumo yetu inakopaswa kuelekezwa sasa.

Tuanze na lililofanyika, maana ni kubwa. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, NeST, ulichukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo ikaufanya kuwa mlango wa zabuni za umma, chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Mfanyabiashara wa Mkata au Kabuku mwenye TIN, leseni na usajili unaotakiwa anaweza leo kuomba kazi za halmashauri zote nne za wilaya hizi, za miji na za vijijini, bila kubeba mafaili kwenda kuyagongesha mihuri ofisi hadi ofisi. Sheria imetenga pia asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na mfumo unarahisisha kujua ni taasisi ipi imetimiza na ipi imekwepa. Anayedai kwamba kompyuta haijabadilisha kitu amesahau tulikotoka.

Lakini tufuate shilingi baada ya mshindi kutangazwa. Mfano mzuri ni madarasa yaliyojengwa mwaka 2021 na 2022 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3. Madarasa 15,000 yalijengwa nchini, kila moja kwa shilingi milioni 20, mengi kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo shule hununua vifaa yenyewe na kumlipa fundi. Kiasi kilikuwa kilekile kwa shule iliyo kando ya barabara kuu pale Mkata na kwa shule ya Bungu, juu kwenye milima ya Usambara, ambako saruji iliyotoka kiwandani Pongwe inapaswa kupanda mlima kabla ya kufika. Kinachokula bajeti huko ni usafiri, na usafiri ndio unaoandikwa vibaya kuliko vyote. Mchanga hununuliwa kwa tripu. Lori moja lina bodi fupi, jingine refu. Dereva mmoja anajaza hadi juu, mwingine anaishia katikati na mvua imeulowesha mchanga ukaonekana mwingi. Kamati ya mapokezi inasaini kwamba tripu nne zimefika, mwalimu mkuu anaandika tripu nne kwenye leja, na halmashauri inaingiza nne hizohizo kwenye kompyuta. Takwimu ni safi kuanzia juu hadi chini, na bado hakuna anayejua mita za ujazo zilizofika. Mfumo hauwezi kusahihisha kipimo ambacho hakikupimwa. Unachoweza ni kukataa kupokea neno tripu, na kudai urefu, upana na kina cha bodi, picha ya mzigo kabla haujamwagwa, na jina la aliyepima.

Upande wa pili wa gharama ni malipo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetoa saruji na nondo kwa hati ya kuagiza bidhaa (LPO), kisha akasubiri miezi, hukopa ili biashara isisimame. Riba hiyo haipotei hewani: safari ijayo anaiweka kwenye bei. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja riba wanayodai wakandarasi waliocheleweshewa fedha. Kwa hiyo mfumo unaopima siku alizochelewa mkandarasi bila kupima siku alizochelewa mlipaji unapima nusu ya tatizo. Tarehe ya kupokea ankara na tarehe ya kulipa zionekane kwa wote wawili, na kila mwombaji wa zabuni ajue taasisi anayoikopesha hulipa baada ya muda gani.

Miradi mikubwa inalikuza tatizo hili. Tangu miaka ya 1970 mradi wa bomba kuu la Handeni (HTM) umekuwa ukivuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe kuyapeleka Handeni, na sasa wilaya zote mbili zimo katika mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa na mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, nalo linakatiza Handeni. Katika kazi za namna hii mkandarasi mkuu huajiri wakandarasi wadogo, nao hukodi malori na kununua chakula kwa mama lishe. Wa kwanza yumo kwenye mfumo. Wa mwisho hayumo, na akikosa kulipwa hana pa kulalamikia. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ina kanzidata ya wazawa wanaotoa huduma katika sekta ya mafuta na gesi, hatua njema ya kumtambulisha mzawa. Kinachokosekana ni kumfuatilia hadi alipwe.

Kuna wanaotupinga kwa sababu nzito. Wa kwanza wanasema vijijini mtandao ni wa kubahatisha na walimu wameshalemewa. Ni kweli, na ndiyo maana programu ya mapokezi lazima ifanye kazi kwenye simu bila intaneti, itume taarifa mtandao ukirudi, na ichukue nafasi ya fomu za karatasi badala ya kuongezwa juu yake. Wengine wanahofia kuwa masharti zaidi yatamfukuza fundi mdogo. Fundi mdogo anafukuzwa zaidi na malipo yasiyo na tarehe. Kumbukumbu ya mzigo aliouleta ndiyo ushahidi wake pekee. Wa tatu wanasema mwongo ataongopa hata kwenye kompyuta. Ataongopa, lakini uongo wenye jina, picha na saa unachunguzika, na orodha ileile ikibandikwa kwenye ubao wa kijiji itasomwa na waliouona mchanga ukimwagwa.

Tunapendekeza basi halmashauri za Handeni na Korogwe zianze na mambo matatu katika kila mradi: kipimo halisi cha mzigo, tarehe za ankara na malipo, na orodha ya wakandarasi wadogo wote. Hayahitaji mfumo mpya wa mabilioni, kwani usimamizi wa mikataba una nafasi yake ndani ya NeST. Yanahitaji viongozi wanaokubali kupimwa kama wanavyowapima wakandarasi wao.