Gari la Mbio Halihitaji Joho

Siku chache zilizopita nilifuatana na mpwa wangu kwenda Kagio, mji wa soko ulioko Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, si mbali na mashamba ya mpunga ya Mwea. Mpwa wangu ni mchuuzi wa nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa, na Kagio ndiko anakonunua. Safari hii alikuwa na shughuli ya pili. Alikuwa amedunduliza fedha za kununua gari, na dalali mmoja wa huko alimpigia simu akamwambia kuwa amempatia Lexus ya bei nafuu, gari la mbio lisilopitwa na kitu katika barabara ya Nyeri.

Tulilikuta gari chini ya mti, limeoshwa likang'aa. Mbele lilikuwa na ile herufi L ndani ya duara. Tulimwomba fundi mmoja mzee wa gereji ya jirani atutazamie. Akafungua boneti, akasoma kibati cha injini, akatabasamu. "Bwana, hii ni Altezza," alisema. "Ni Toyota." Kisha akapitisha kucha yake pembeni mwa ile herufi, akatuonyesha gundi.

Dalali hakuona haya hata kidogo. Alisema ni mamoja, kwani ng'ambo gari lile huitwa Lexus. Mpwa wangu naye akanivuta kando. "Mjomba," aliniambia, "mimi najua kuwa ni Toyota. Lakini nikiingia nalo harusini Kibokoni, nani atafungua boneti?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Je, gari lenye nguvu na mbio livae jina la kawaida, ambalo kila mtu analijua, au livishwe jina la kifahari? Baadhi ya wasomaji watasema hili ni jambo la vijana na la mafundi. Mimi nasema ni jambo letu sote, maana linahusu tunavyopima thamani ya kitu, na pengine tunavyopimana sisi wenyewe.

Kwanza tumpe dalali haki yake. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikauzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS 200. Umbo ni lile lile. Lakini hapa pana jambo ambalo dalali ama hakulijua ama alilinyamazia. Ile Lexus ya kwanza iliyopelekwa Ulaya ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi kama 155. Altezza RS200 ya Kijapani, yenye jina la Toyota, ilikuwa na injini nyingine ya lita 2 iliyotoa nguvu za farasi 210 kwa gia za mkono. Na hiyo RS200 ndiyo iliyokuwa mbele yetu pale Kagio! Yaani mwenye gari alikuwa na farasi mkali, akambandika jina la farasi mpole kwa sababu jina hilo lina sauti tamu zaidi.

Jina la Lexus lilianzaje? Toyota ilijulikana duniani kwa magari ya watu wa kawaida, magumu na yasiyo ghali. Ilipotaka kuwauzia matajiri wa Marekani gari la kushindana na Mercedes-Benz, iliona kuwa tajiri hatatoa fedha nyingi kwa gari lenye jina lile lile alilonalo karani wake. Ndipo mwaka 1989 ikaleta jina jipya na maduka mapya. Honda ilikuwa imetangulia mwaka 1986 kwa jina la Acura, na Nissan ikaleta Infiniti mwaka huo huo wa 1989. Huko Japani kwenyewe watu hawakuuziwa Lexus hadi mwaka 2005. Gari lililoitwa Lexus kwa Mmarekani lilikuwa Toyota kwa Mjapani. Hivyo joho lile lilishonwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe juu ya jambo hili, nao ni mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953. Wazee watakumbuka jinsi magari yalivyopita Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, yakiuzunguka mlima, na pengine yakateremka hadi kwetu pwani. Matope ya Mlima Kenya hayakusoma nembo ya mtu. Nani walishinda? Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na miwili kati ya ushindi huo ni ya Bert Shankland wa Dar es Salaam. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Hizi ndizo Peugeot zilizokuwa zikipakia abiria na mizigo katika miji hiyo hiyo ya mlimani. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun.

Na wenye majina makubwa? Porsche ilitoka ya pili mwaka 1972, ikatoka ya pili tena 1974, na tena 1978. Mara ya kwanza ilitanguliwa na Ford Escort, mara ya pili na Lancer, mara ya tatu na Peugeot 504. Mwaka 1979 Mercedes-Benz ilileta 450 SLC zenye injini ya lita 5. Hannu Mikkola alimaliza wa pili, nyuma ya Mehta aliyekuwa na Datsun ambayo injini yake haikufika hata nusu ya hiyo. Sipendi kudhulumu, kwa hiyo nakiri kuwa Mercedes-Benz ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Wenye fahari si kwamba hawawezi. Ninalosema ni kuwa fahari haikuwasukuma walipokwama.

Wako watakaonijibu kuwa jina la kifahari lina faida yake. Mnunuzi wa Lexus mpya hupata kiti cha ngozi, gari lisilo na kelele, na maduka yanayomhudumia kwa heshima. Hilo ni kweli, na anayelipia starehe hiyo kwa mali yake ya halali hana kosa. Dini yetu haikukataza uzuri. Lakini tunazungumza juu ya gari la mbio, na mbio ni jambo la kupimwa. Nissan walilifahamu hilo. Walipotoa GT-R mwaka 2007, gari lililoweza kushindana na magari ya bei kubwa mno, hawakulivisha Infiniti. Hata Marekani, ambako jina hilo lilikuwapo, waliliuza kama Nissan. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Isitoshe, jina la kuazima lina gharama zake. Jirani yangu mmoja alinunua Harrier iliyobandikwa L. Harrier za mwanzo, tangu 1997, ziliuzwa kweli nchi za nje kwa jina la Lexus RX. Lakini ile iliyotoka mwaka 2013 ni gari jingine kabisa, lililotengenezwa kwa ajili ya Japani tu, na halina Lexus ya kufanana nayo. Ya jirani yangu ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Alipokwenda katika duka moja la vipuri, akataja Lexus kwa kujivuna, akatajiwa bei ya Lexus. Akalipa, na kile kipuri hakikuingia! Angesema Harrier angerudi nyumbani mapema na mfuko wake ukiwa na kitu.

Zaidi ya hasara hiyo kuna jambo la dini. Sote tulifundishwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akaonya kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Nembo ya gundi ni ile nafaka kavu iliyotandazwa juu. Hata kama gari la chini ni zuri, mnunuzi ameonyeshwa kisichokuwapo na kutozwa bei yake. Na anayeibandika kwa ajili ya harusi tu, bila kutaka kuuza, naye anauza kitu: anajiuza yeye mwenyewe kwa bei isiyo yake.

Asubuhi ile ile ya Kagio, kabla hatujaliona gari, nilimtazama mpwa wangu akinunua nyanya. Alikuwa mkali kama kadhi. Kila sanduku alilimwaga hadi chini, maana anajua desturi ya masoko, nyanya nzuri huwekwa juu na zilizopondeka zikalala chini. Hakuna maneno ya muuzaji yaliyomzuia. Nilimkumbusha jambo hilo tulipokuwa kando ya gari. Nilimwambia, "Wewe humwaga sanduku la nyanya za siku tatu, kisha gari la miaka mingi unataka lisifunguliwe boneti?"

Hakunijibu. Alirudi kwa dalali akamwuliza bei ya Altezza. Dalali akashikilia bei ya Lexus, nasi tukaondoka na nyanya zetu.

Vijana wetu wa pwani wanapenda magari ya mbio, na siwalaumu; babu zao walishindana kwa ngalawa na majahazi. Lakini chombo kilisifiwa kilipofika, na jina lake likapata sifa kwa sababu hiyo. Mwenye Altezza, mwenye Subaru, mwenye Mark X, na aliache jina lake lilivyotoka kiwandani. Gari likiwa na mbio, watu watalijua. Nawe ukiliendesha kwa adabu hadi ukafika salama, watakujua wewe pia.