Dawa ya maumivu haitibu meneja mbaya

Huenda una mtoto, ndugu au jirani anayeandika programu za kompyuta. Huenda ni wewe mwenyewe. Watu wakimtaja kanisani au sokoni, husema amebahatika. Anakaa kwenye kiti, hachomwi na jua, hashiki jembe wala beleshi, na mshahara wake unaingia kwa simu. Mimi pia niliamini hivyo, na imani hiyo ilinifanya nimtibu mgonjwa vibaya mara mbili.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuja kwenye kliniki yangu mara tatu katika muda wa miezi mitano. Mara ya kwanza alilalamikia kichwa, nikampa dawa za maumivu. Mara ya pili tumbo lilikuwa likimchoma, nikampa dawa za kupunguza asidi na kumwonya kuhusu pilipili na soda. Mara ya tatu aliletwa na mamake. Moyo ulikuwa ukimdunda, hakuwa amelala kwa siku mbili, na nilipompima, shinikizo la damu lilikuwa 160 kwa 100. Nikachukua kalamu ili nimwandikie dawa. Ndipo mama yule akasema, "Daktari, kabla hujaandika, muulize ni nani anayempigia simu usiku."

Nikamuuliza. Alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya Nairobi, lakini alifanyia kazi nyumbani kwao, mashambani Makueni. Meneja wake alikuwa amemwahidi mteja kwamba kazi ya miezi mitatu ingekamilika kwa wiki tatu, na hakuwa amewauliza wanaoifanya. Kila baada ya siku chache maagizo yalibadilika, lakini tarehe ya mwisho haikubadilika. Simu zililia saa tano usiku na saa nane usiku. Kosa likitokea, kijana alikaripiwa mbele ya wenzake wote kwenye kikundi cha simu. Stima ikipotea kijijini, alipanda bodaboda hadi sokoni kutafuta mahali penye umeme. Ili asisinzie alikuwa ameanza kutafuna muguka. Na mshahara wa miezi miwili ulikuwa haujaonekana.

"Kwa nini usiache?" nikamuuliza. Akamtazama mamake, kisha akatazama sakafu. Babake alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili amsomeshe chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo, msomaji, haachi kazi kwa urahisi. Anavumilia mpaka mwili ukatae.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, alichapisha mwaka wa 1700 kitabu kuhusu maradhi yanayowapata wafanyakazi. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: kazi yako ni gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye, mimi nilikuwa nimemwona kijana huyu mara mbili bila kumuuliza swali hilo.

Tusidanganyane kwamba kila kazi ngumu ni ugonjwa. Mwili wa binadamu umeumbwa kuweza kukaza mwendo. Ukitishwa, unatoa homoni zinazoongeza mapigo ya moyo, kupandisha shinikizo la damu na kupeleka sukari kwenye misuli. Hatari ikipita, mambo hurudi kama yalivyokuwa. Shida huanza pale hatari isipopita, pale simu inapoweza kulia saa yoyote na kila mlio ukawa tisho. Hapo usingizi hupotea, tumbo huchafuka, hasira huwa karibu, na shinikizo la damu husahau kushuka.

Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya madhara ya kufanya kazi kwa saa nyingi. Yakilinganisha na watu wanaofanya kazi saa 35 hadi 40 kwa wiki, yaligundua kwamba wale wanaofanya saa 55 au zaidi wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Mashirika hayo yalikadiria kwamba mwaka wa 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Kijana wangu alipohesabu saa zake kwa vidole, zilipita 80.

Lakini saa si jambo la pekee. Mwaka wa 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mfanyakazi akiwa hana sauti juu ya namna ya kuifanya. Uchunguzi wa miaka mingi miongoni mwa watumishi wa serikali Uingereza ulielekeza huko huko: waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua mambo ya kazi yao walipata maradhi ya moyo zaidi. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na mfadhaiko wa kazini usioshughulikiwa ipasavyo, nayo ina dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia au kuipuuza kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Liliuita jambo la kazini, na ndiyo maana duka la dawa haliwezi kuuponya.

Mameneja watasema biashara ni ngumu, na sikatai. Wapo wenye kampuni ndogo ambao nao wanabanwa na wateja wanaokawia kulipa, na wengine hawalali pia. Hata hivyo, kumkamua mtu si njia ya kumaliza kazi mapema. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka wa 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufunzwa na wale wale waliolemewa. Nami kama daktari naongeza hili: mtu asiyelala hutia makosa, na makosa ya leo usiku ndiyo kazi ya kesho.

Sisi wa Ukambani hatuhitaji kwenda mbali kujifunza kusimamia kazi. Nikiwa mtoto, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos kabla ya mwaka wa 1992, niliwaona akina mama wa mwethya wakichimba matuta ya fanya juu. Kazi ile ilikuwa nzito kuliko kuandika programu yoyote. Lakini kila mtu alipimiwa kipande chake na kukijua. Uji uliletwa. Jua likiwa kali watu walikaa kivulini. Kiongozi alishika jembe pamoja na wengine, na hakuna aliyekwenda kumgongea mwenziwe mlango saa nane usiku kumwambia tuta limehamishwa. Matuta yale yangali yanashika maji ya mvua mpaka leo.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013, uko Malili, huku huku Makueni. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Tunawaambia watoto wetu kwamba ndengu na maembe hayatoshi, wasome kompyuta. Ni shauri jema. Lakini tukiwapeleka kwenye kazi hizo bila kuuliza zinasimamiwaje, tutavuna wagonjwa.

Nairobi tumekwisha kuona mfano. Vijana walioajiriwa kuchuja picha na video za kutisha za mtandao wa Facebook, kupitia kampuni ya Sama, walikwenda mahakamani. Kesi ya kwanza ililetwa mwaka wa 2022, na mwaka uliofuata wenzao zaidi ya 180 wakafungua nyingine. Desemba 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na daktari wa akili wa Hospitali Kuu ya Kenyatta na kupatikana na ugonjwa wa akili unaotokana na mshtuko. Hao hawakubeba mawe wala kupumua vumbi la saruji. Walikaa kwenye viti mbele ya kompyuta.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka upewe angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili kila baada ya miezi 12. Ukiwa umefanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa malipo kamili na siku saba kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi ulete cheti cha daktari. Mwaka wa 2022 uliletwa pia katika Seneti mswada wa kumzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi kwa simu baada ya saa za kazi. Kwamba mswada wa aina hiyo ulihitajika ni aibu kwetu.

Basi, msomaji, ufanye nini?

Kama ni wewe unayeumia, anza kwa kuandika. Weka daftari la saa ulizofanya kazi, saa ulizolala, simu za usiku na maagizo yaliyobadilika. Daftari hilo litamsaidia daktari, na ukifika kwa afisa wa leba litakusaidia wewe. Kisha mwambie meneja wako kwa maandishi na kwa adabu ni kazi gani inawezekana kwa muda uliopo na ipi haiwezekani. Wapo mameneja wasiojua wanachokifanya, na baadhi yao hubadilika wakiambiwa.

Usitafute nguvu katika muguka, miraa, pombe wala vinywaji vya kukesha. Hivyo vinakopa nguvu za kesho. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Simama, unyooshe mgongo. Vidole vikianza kufa ganzi usiku, nenda ukapimwe. Na ukianza kufikiri kwamba ni heri usingekuwapo, usingoje Jumatatu. Mwambie mtu leo, na uende hospitali ya rufaa, iwe ya Kitui au ya Wote. Hutakuwa wa kwanza kupokewa pale kwa jambo hilo, na linatibika.

Usiache kazi kwa hasira usiku wa manane. Tafuta nyingine ungali na hii, ukiweza. Lakini ukiona mwili umekwisha kutoa onyo mara mbili, tatu, ujue kuna mshahara usiostahili kulipiwa kwa bei hiyo.

Kama ni mzazi, nakusihi uache kusema "kazi ni kazi." Najua ulichouza ili mtoto asome. Ng'ombe waliuzwa ili mtoto aishi vizuri, hawakuuzwa ili apate kiharusi akiwa na miaka 30. Mwambie kwa mdomo wako kwamba akirudi nyumbani hatachekwa. Maneno hayo machache yanaweza kumpunguzia mzigo kuliko tembe zangu.

Kama ni mwajiri, waulize wanaofanya kazi kabla ya kumwahidi mteja tarehe. Mtu akikosea, mwite kando. Lipa siku uliyosema utalipa. Mambo haya hayakugharimu chochote ambacho hukuwa unadaiwa tayari.

Nasi madaktari tujisahihishe. Kijana akija na kichwa, tumbo na usingizi uliopotea, tumuulize swali la Ramazzini, kisha tuongeze la pili: na nani anakusimamia?

Kijana wangu nilimwandikia cheti cha siku saba. Alizima simu, akalala, akamsaidia babake kuvuna mbaazi. Aliporudi kwangu alikuwa 138 kwa 88, bila dawa ya shinikizo. Alirudi kazini akiwa na barua ya kueleza saa ambazo angepatikana. Meneja hakuipenda. Miezi minne baadaye alipata kazi nyingine yenye mshahara mdogo kidogo, na ile ya kwanza bado anawadai mwezi mmoja. Sikuweza kumwandikia dawa ya deni hilo. Nilimwandikia mahali ofisi ya leba ilipo, na mamake akasema watakwenda pamoja.