Kwani Juma aliwakosea nini?

Kila mtu aliyepitia shule ya msingi Kenya anamjua Juma. Ndiye yule jamaa wa maembe. Juma ana maembe 12, amempa Asha matatu, amebaki na mangapi? Baadaye Juma akahamia kwenye vichekesho na huko hakupewa maembe tena. Alipewa rungu, koti refu na tochi, akawekwa kwa geti awafungulie watu wenye majina ya maana. Ukitaka soja kwenye video yako, unamuita Juma. Ukitaka makanga, Juma. Ukitaka jamaa mwenye gari na nyumba ya ghorofa, huyo ni Ryan.

Na mimi nimeifanya hiyo, kwa hivyo sitajifanya mtakatifu hapa. Miaka miwili iliyopita nilitoa video ya soja aliyelala kazini mpaka wezi wakambeba na kiti chake. Soja aliitwa Juma. Ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichokuwa nimetengeneza, na nilikuwa nimetoka tu kuacha chuo (karo ilikwama mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine), kwa hivyo zile namba zilinipa raha sana. Mathe aliiona kwa simu ya jirani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ulimwona babu yako akilala kazini siku gani?"

Babu mzaa mama aliitwa Juma. Alilinda mageti ya watu Nairobi usiku kwa miaka 23, na huo mshahara ndio ulimsomesha mathe. Juma ndilo jina langu la pili kwenye kitambulisho. Nyinyi hamjawahi kuliona kwa sababu nililiacha nje nilipofungua akaunti, na hakuna aliyenilazimisha. Nilijua tu vile wasee wangecheka.

Sasa dada yangu amejifungua mtoto wa kiume, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu. Dada hataki. Anataka Kayden. Hii vita imekuwa nyumbani wiki mzima, na ndiyo imenifanya nikae chini nilichimbe hili jina vizuri. Manze, kuna vitu nilikuwa sijui.

Juma ni Kiarabu, al-jumu'a, Ijumaa. Mzizi wake ni herufi tatu, jim, mim na ain, na kazi ya huo mzizi ni moja: kukusanya, kukutanisha watu. Ijumaa ni siku ya watu kukusanyika kwa swala ya pamoja, na Sura ya 62 ya Qurani inaitwa kwa jina hilo. Sasa angalia maneno unayotumia kila siku bila kufikiria. Jamaa. Jamii. Jumuiya, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Jamia pale katikati ya Nairobi. Yote yametoka kwa mzizi huo huo. (Jumla na jumlisha hapana, hizo zina mzizi wao mwingine, msinikimbilie kwa maoni.) Na hii ndiyo ilinimaliza: Kiarabu cha chuo kikuu ni jamia. Yaani nililificha jina lililo ndugu na chuo, kisha nikaacha chuo chenyewe.

Halafu Kiswahili kikalichukua kikalifanyia mambo yake. Kwa Kiswahili juma ni wiki nzima, na siku tano kati ya saba zimeanza na hilo jina. Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, tunahesabu hivyo mpaka Jumatano, ya tano. Siku inayofuata ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni "ya tano" vilevile, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Wiki yetu ina siku mbili za tano na hakuna mtu amewahi kulalamika. Kutoka hapo ndiyo unapata Hamisi au Khamis, mtoto wa Alhamisi. Wasichana wanapata Mwanajuma, Mwajuma na Mwanahamisi. Tanzania wana hata wanaume wanaoitwa Jumanne, na mmoja wao, Jumanne Maghembe, amekuwa waziri.

Na halijatulia pwani peke yake. Misri wanalitamka kwa G, ndiyo maana aliyekuwa mufti wao mkuu kuanzia 2003 hadi 2013 anaitwa Ali Gomaa. Uturuki wanaandika Cuma, lakini hiyo C yao inasomwa J. Ukifika Kazakhstan unakuta mshairi Magzhan Zhumabayev, aliyeuawa na serikali ya Stalin 1938, na ukiliangalia jina lake la ukoo vizuri unamwona Juma amejificha mle ndani. Hapa nyumbani Kwale ilikuwa na seneta Boy Juma Boy. Bongo kuna Juma Nature na Juma Jux, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza Jux kama anajua kufungua geti.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni jina kufika kwetu. Sisi ni Wakatoliki wa Busia, hatuna Mwislamu hata mmoja kwenye ukoo, lakini ukienda Magharibi na Nyanza utapata Juma wamejaa, makanisani kabisa. Tunajua misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika Mumias kwa Nabongo Mumia karne ya 19, na Uislamu ukashika mizizi pale. Lakini majina mengi ya wageni yalipita na misafara hiyo na hayakushika hivi. Maoni yangu ni kwamba Juma lilishika kwa sababu lilikuta nafasi yake tayari. Waluhya wanampa mtoto jina la wakati aliozaliwa: Wafula mvua, Simiyu kiangazi. Wajaluo vilevile, Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua. Watu wa namna hiyo wakisikia kuna jina la mtoto wa Ijumaa, wanahitaji kufundishwa nini tena? Babu yangu alizaliwa Ijumaa. Baba yake hakuwa anabadilisha dini, alikuwa anaandika tarehe.

Hii naisema kwa sababu shangazi yetu naye ameingia kwenye vita. Yeye hana shida na soja. Shida yake ni kwamba Juma ni "jina la Waislamu" na mtoto anabatizwa mwezi ujao. Shangazi yangu anaitwa Petronila, jina la Kirumi. Mumewe ni Yohana, jina la Kiebrania. Hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kuonyeshwa Roma wala Yerusalemu. Na wale wa upande mwingine, wale wa "rudi kwa majina ya Kiafrika", pia watulie kidogo. Jina ambalo limeitwa Busia vizazi vinne na kubeba siku tano za lugha yako bado ni mgeni? Litapewa kitambulisho lini? Nikisema hivyo sijaribu kuwanyang'anya Waislamu kitu. Ijumaa ni yao kwanza, hilo halina ubishi.

Niliandika haya mara ya kwanza jana usiku na yalikuwa tofauti. Nilikuwa nimeweka orodha ya Juma waliofika mbali. Profesa Calestous Juma, jamaa wa Busia hapo kwetu, aliyefundisha Harvard na kuandika kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika mpaka alipofariki 2017. Dkt. Omar Ali Juma, Makamu wa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi alipofariki 2001. Nikamsomea mathe nikiwa najisikia wakili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo babu yako peke yake hatoshi?"

Nilikosa jibu. Kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya kweli. Nilikuwa natafuta profesa wa kumsafishia babu jina, kana kwamba kulinda geti ni uchafu. Nimewaacha hao watu hapo juu kwa sababu ni ukweli na wanastahili kujulikana, lakini siwatumii tena kama ushahidi. Kesi haiwahitaji. Mzee alikuwa anaenda kazini saa kumi na mbili jioni kwa miguu kutoka Kayole ili asile nauli ya karo. Wewe unayeishi kwa ploti yenye geti, wewe ambaye unapiga honi saa nane usiku na kukasirika ukichelewa kufunguliwa, unalijua jina la huyo anayekufungulia? La kweli, si lile ulilompa?

Na nyinyi watengenezaji wenzangu, naomba mnielewe. Sisemi soja asichekeshe. Soja wetu ana stori kuliko sisi wote, anajua nani amerudi na nani na saa ngapi. Muandikie stori nzuri. Lakini muite Ryan siku moja uone kama kichekesho bado kinasimama. Kikianguka, basi ulikuwa hujaandika kichekesho. Ulikuwa unategemea jina tu. Ile yangu nimeijaribu hivyo kichwani, na ilianguka vibaya. Jana nimeifuta, na kwenye akaunti nimerudisha jina langu la pili. Wawili tayari wameniuliza kama nimepata kazi ya geti.

Nyumbani bado hatujaelewana. Hoja ya mwisho ya dada ni kwamba mtoto hakuzaliwa Ijumaa, alizaliwa Jumanne asubuhi, kwa hivyo hata kwa sheria zangu mwenyewe hawezi kuwa Juma. Nilimwambia Tanzania hilo limeshatatuliwa. Alinirushia nepi, na sikusubiri kujua kama ilikuwa safi. Fomu ya kuzaliwa iko juu ya friji, sehemu ya jina haijajazwa, na mathe amekalia kalamu.