Programu Zenye Milango



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo tunalolitegemea kila tutumapo fedha nyumbani, nalo ni namna programu za kompyuta zinavyojengwa.

Hapo zamani programu ya kampuni ilikuwa kitu kimoja kikubwa. Hesabu, bohari, mishahara na malipo vilifungamana ndani yake. Ukigusa kimoja, vingine vyote vyatikisika. Ndipo mafundi wakabuni njia nyingine: kila kazi ijitegemee kama huduma, iwe na mlango wake unaojulikana, na programu nyingine ibishe hodi na kuhudumiwa pasipo kujua ndani mna nini. Ndiyo maana fedha tunazomkabidhi wakala huku ugenini huweza kuingia katika simu ya mama aliyeko Mombasa: programu mbili zisizo za mwenyewe mmoja zimebishiana hodi.

M-Pesa yenyewe ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, ili watu watumiane fedha. Mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, ilipohamishiwa Kenya. Mwenye duka dogo aliyelipwa kwa simu alizoea kusoma ujumbe, kisha kuunakili daftarini kwa mkono. Mwaka 2017 kampuni ikawafungulia mafundi wa nje mlango mwepesi zaidi, ikauita Daraja (jina ambalo, kwa nadra, halihitaji mkalimani). Sasa mteja alipapo, deni lake laweza kufutika lenyewe katika hesabu za duka.

Uamuzi ule haukuwa wa mafundi peke yao, bali wa wakuu wa biashara. Safaricom isingeweza kuandika programu ya kila shule, kila duka na kila basi. Ikawaachia wengine wajenge juu ya huduma yake, na kadiri wajengavyo ndivyo malipo yapitayo kwake yanavyozidi. Kwa upande wa pili, aliyejenga juu ya mlango wa mwenziwe ni mpangaji. Mlango ukikwama siku ya mauzo, naye amekwama.

Wapo miongoni mwetu wenye maduka, nao hujiwa na wauzaji wa programu. Waulizeni: hesabu zetu tutazitoa kwa mlango gani tukitaka kuhama, nao ni wazi kwa programu za wengine? Yaulizwe hayo kabla ya kutia sahihi, kwani baadaye bei ya kuhama huipanga muuzaji.