Damu Yako Ni Ngapi?

Liko neno moja ambalo limewaumiza wanawake wengi katika nyumba zetu. Neno hilo ni "mvivu". Mama anaamka alfajiri, anakwenda bombani, anajitwisha ndoo, na kabla hajafika nyumbani anaitua mara mbili ili apumzike. Akipeta uwele, kizunguzungu kinamshika. Jioni watoto wakimwita, anaitika akiwa amejilaza. Mume anaguna. Mama mkwe anasema waziwazi kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kazi. Mwishowe hata yeye mwenyewe anaamini hivyo, anajilaumu na kunyamaza. Kumbe si uvivu. Damu yake haitoshi.

Si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulipima damu za wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini kote. Kati ya kila wanawake 100, 45 walikutwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 5, walikuwa 58 katika kila 100. Maana yake ni kwamba mkiketi akina mama kumi kikaoni, huenda wanne au watano kati yenu wamepungukiwa damu, na pengine hakuna hata mmoja anayejua.

Kwa hiyo mwezi huu tunataka kila msomaji wetu aweze kujibu swali moja: Damu yako ni ngapi?

KUPIMA DAMU NI KUPIMA NINI?

Hapa pana mkanganyiko unaowarudisha wengi nyuma. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, watu wakisikia "kupima damu" hufikiri jambo hilo tu. Mama akisema nyumbani, "Leo nimepimwa damu," nyumba nzima inashtuka. Wengine huona heri wasiseme, au wasiende kabisa.

Tuelewane vizuri. Kupima wingi wa damu ni kipimo kinachojitegemea. Kinatazama himoglobini, yaani ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ikipungua, mwili hukosa hewa hata kama unapumua vizuri. Ndiyo maana moyo hudunda mbio, pumzi hukatika, kichwa huuma na miguu huwa mizito. Mjamzito aendapo kliniki mara ya kwanza hupimwa mambo kadhaa kwa pamoja, pamoja na virusi vya UKIMWI na kaswende, na yote yana faida yake. Lakini kila kipimo kina jibu lake, na jibu la wingi wa damu halifichui lolote lingine.

Zamani katika zahanati nyingi tone la damu lilidondoshwa kwenye karatasi, na mpimaji akalinganisha wekundu wake na rangi zilizochapwa. Siku hizi viko vishine vidogo ambavyo hutoa jibu kwa dakika chache kwa tone moja la kidoleni. Hospitalini huchukua damu kidogo ya mshipani na kufanya kipimo kikubwa kinachoitwa picha kamili ya damu. Hicho huonyesha pia ukubwa wa chembe za damu, na daktari hupata fununu ya chanzo, kama ni upungufu wa madini ya chuma au ni jambo jingine. Kwa vipimo hivi huna haja ya kukaa na njaa. Kula, kunywa, kisha nenda.

Wapo wanaotosheka mhudumu akishusha ukope wa chini na kutazama wekundu wake. Kutazama ukope, viganja na ulimi kunasaidia, lakini jicho huona vizuri pale tu damu ilipokwisha sana. Mwenye upungufu wa kiasi huambiwa yu mzima, akarudi nyumbani na mzigo wake. Omba upimwe.

HOFU YA KUCHUKULIWA DAMU

"Mimi mwenyewe sina damu, nao wanataka kunipunguzia nyingine!" Maneno haya tumeyasikia mara nyingi. Jibu ni jepesi. Mwili wa mwanamke mzima una lita 4 hadi 5 za damu. Kipimo cha mshipani huchukua kiasi kisichojaza kijiko cha chai, na cha kidoleni ni tone tu.

Lakini hofu ya damu kwetu ni ya zamani, nayo si ya kuchekwa. Habari za mumiani zilisimuliwa tangu enzi za babu zetu. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino hapa Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Watu wale walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi uliondoa roho za watu watatu na kuacha wajane na mayatima. Basi sisi tunaolea watoto tusipande mbegu za uvumi huo majumbani mwetu. Mtoto aliyezoea kutishwa kwa sindano atakuwa mtu mzima anayekimbia hospitali. Mwambie ukweli: itauma kidogo, kisha itakwisha.

NAMBA ZENYEWE

Katika kadi yako ya kliniki tafuta herufi Hb. Namba iliyoandikwa mbele yake ni gramu za himoglobini katika kila mililita 100 za damu. Zishike hizi:

Mwanamke asiye mjamzito: 12 au zaidi.
Mjamzito: 11 au zaidi, ingawa katikati ya mimba damu huwa nyepesi kidogo na 10.5 hukubalika.
Mtoto wa miaka 2 hadi 5: 11 au zaidi.
Mjamzito aliye chini ya 7: ni hatari kubwa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini tunasisitiza? Kila mama anayejifungua hupoteza damu. Mwenye damu ya 12 akipoteza nusu lita atachoka, lakini atasimama. Mwenye damu ya 6 hana akiba. Kiasi kile kile kinaweza kumwondoa duniani mtoto akiwa bado hajanyonya. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wazazi nchini mwetu. Wakati huo ndugu hukimbizana kutafuta wa kutoa damu, usiku, na pengine korongo limejaa maji na gari halipiti. Sisi wa Bahi, Kongwa, Chemba na Mpwapwa tunajua makorongo yetu wakati wa mvua. Damu ya kujifungulia hutafutwa miezi mingi kabla, wakati njia ni kavu.

Ndiyo maana usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki kabla ya wiki 12 za mimba. Hata kabla ya kushika mimba nyingine, pima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DAMU INAKWENDA WAPI?

Wengi wetu tukichoka husema, "Ni malaria," tukanunua dawa dukani. Malaria humaliza damu kweli, hasa kwa watoto na wajawazito, lakini mkoa wa Dodoma ni mmojawapo wa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Ukimeza dawa ya malaria bila kupima, huenda unatibu ugonjwa ambao huna na kuacha ulio nao.

Vyanzo vingine ni hivi. Kwanza ni uzazi wa karibu karibu, ambapo mwili haupati nafasi ya kurudisha ulichotoa. Pili ni minyoo ya safura, ambayo hupenya kwenye nyayo za mtu anayetembea peku penye kinyesi, kisha hunyonya damu tumboni. Tatu ni magonjwa ya kuzaliwa nayo kama sikoseli. Nne ni chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Ukiona una hamu kubwa ya kula udongo au mchele mbichi, usione haya kusema. Mara nyingi hiyo ni dalili ya upungufu wa madini hayo, na udongo wenyewe huzidisha tatizo.

Tano ni hedhi nzito. Katika Injili ya Marko sura ya 5 tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Tunahubiriwa sana juu ya imani yake. Tukumbuke pia kwamba alikuwa ameishiwa mali kwa kutafuta tiba, na kwamba hata siku ile alikuja kwa kificho. Wapo wa namna yake kati yetu. Hedhi ikipita siku 7, au ukilazimika kubadili kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, hilo si la kuvumilia kimya. Yaweza kuwa uvimbe katika kizazi, au kitanzi kisichokupatana. Mficha maradhi kifo humuumbua.

UKISHAPEWA NAMBA YAKO

Namba ikiwa ndogo, usikimbilie juisi nyekundu. Watu hudhani kwamba kwa kuwa damu ni nyekundu, basi rozela na kila kinywaji chekundu huongeza damu. Rangi si madini. Kinywaji hicho si kibaya, lakini hakiwezi kushika nafasi ya dawa kwa mwenye damu ya 8.

Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Vimeze kila siku kama ulivyoelekezwa. Choo kitakuwa cheusi, nalo si la kutisha. Kichefuchefu kikikusumbua, meza wakati wa kulala. Meza kwa maji, wala si kwa chai au maziwa. Viweke mbali kabisa na watoto, maana mtoto akivimeza vingi vinaweza kumwua.

Baada ya wiki 4 rudi upime tena. Damu ilitakiwa ipande kwa gramu 1 hivi au zaidi. Kama haikupanda na vidonge ulimeza, mwambie mhudumu ili chanzo kingine kitafutwe. Hapo ndipo hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya mkoa au ile ya Mvumi, husaidia. Ikipanda, usiache mara moja. Uliza uendelee kwa muda gani, kwani mwili unahitaji kujaza na ghala lake. Mwenye sikoseli asitumie vidonge vya chuma bila ushauri wa daktari.

CHAKULA CHA KWETU

Tangu 2011 kanuni za nchi zinataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, pamoja na madini ya chuma. Lakini wengi wetu tunasaga wenyewe uwele, mtama na mahindi ya shambani, kwa hiyo nyongeza hiyo haitufikii. Tusikate tamaa. Uwele una madini ya chuma, ila nafaka zetu hushikilia madini hayo yasifyonzwe kwa urahisi. Kuloweka, kuchachua unga wa uji au kutumia kimea hulegeza mshiko huo.

Kiangazi mboga mbichi hukosekana, tukala majani ya kunde yaliyokaushwa na mlenda. Madini ya chuma hubaki katika majani makavu, lakini vitamini C nyingi hupotea juani, nayo ndiyo inayosaidia chuma kufyonzwa. Mungu ametupa mibuyu, na matunda yake hukomaa wakati huo huo wa ukame. Koroga unga wa ubuyu katika maji yaliyochemshwa na kupoa, unywe pamoja na mlo. Usiuchemshe ubuyu wenyewe. Chai ingoje saa moja baada ya chakula. Na wiki ikiruhusu, dagaa, nyama kidogo au maini yawepo chunguni.

NENO KWA WENGINE NYUMBANI

Mpe mumeo ukurasa huu asome. Baba, mkeo akila mwisho, baada ya wageni na watoto, hubakiwa na mchuzi. Mpeni na yeye kipande. Mama mkwe, kama mkwe wako mjamzito anakatazwa mayai au nyama kwa sababu ya mila, tafadhali mfungulie, maana neno lako ndilo linalosikilizwa. Na kabla ya kumwita mkwe mvivu, muulize kwanza damu yake ni ngapi. Nanyi watu wazima wenye afya, jitoleeni damu hospitalini kabla hajatokea wa kwenu anayeihitaji.

Wiki hii, basi, toa kadi yako ya kliniki kabatini uitazame. Kama huna kadi, au namba ni ya zamani, nenda zahanati. Ukiambiwa vifaa vya kupimia vimekwisha, uliza vinapatikana kituo gani, wala usirudi nyumbani ukakaa. Ukipata jibu, usikubali neno "ni nzuri" peke yake. Uliza namba, iandike na tarehe yake, kisha mpeleke na jirani yako naye akapime.

Tukutane mwezi ujao.