Kisukari si Siri ya Mtu Mmoja

Labda wiki hii umetoka zahanati. Ulikwenda kwa sababu ya kiu isiyokatika. Usiku ulikuwa unaamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Nguo zimeanza kukupwaya. Shambani unalima matuta mawili tu, umechoka. Mganga alikuchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akasoma namba. Akarudia kupima siku nyingine, asubuhi kabla hujala. Namba ikapita 7. Akakuambia: "Una kisukari."

Umerudi nyumbani na vidonge mfukoni. Njiani uliwaza mengi. Mwisho ukaamua: "Sitamwambia mtu."

Mimi nasema uamuzi huo si mzuri. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ugali, wali, mihogo na ndizi tunazokula hugeuka sukari mwilini. Sukari hiyo husafiri katika damu. Ndiyo nguvu ya kulimia na ya kutembelea. Lakini ili mwili uitumie vizuri, inahitajika insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho tumboni. Insulini ikikosekana, ikipungua, au ikishindwa kufanya kazi yake, sukari hurundikana katika damu. Nyingine hutoka na mkojo. Mwili unabaki na njaa, na chakula kimo ndani.

Basi ugonjwa huu si uchawi. Hauambukizi. Wala si ugonjwa wa matajiri wa mjini peke yao. Humpata mkulima, mvuvi, hata mtoto mdogo. Aibu iko wapi?

Hata hivyo watu huficha. Jirani yangu mmoja alificha. Alikuwa mtu wa heshima, hakupenda kuitwa mgonjwa. Mkewe alimpikia kama zamani: ugali mkubwa, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Alikula. Angekataa, angesema nini? Vidonge alivificha ghalani, akawa anameza siku alizokumbuka. Alipojisikia nafuu akaviacha kabisa.

Mwaka wa pili alichomwa na mwiba mguuni. Hakusikia maumivu. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Mkewe aliona usaha kwenye shuka. Walipofika hospitali, kidonda kilikuwa kimeoza. Mguu ukakatwa chini ya goti. Siku hiyo ndipo watoto walipojua kwamba baba yao ana kisukari. Mkewe alilia, akasema: "Ningalijua, ningalimtazama miguu kila jioni."

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako watakaonipinga. Watasema maradhi ya mtu ni siri yake. Ni kweli, si lazima kuyatangaza sokoni au kilabuni. Lakini kisukari si homa ya wiki moja. Ni ugonjwa wa kuishi nao, na nusu ya tiba yake iko jikoni. Anayekupikia ndiye mganga wako wa pili. Utampaje kazi hiyo bila kumwambia?

Na kama mgonjwa ni mama wa nyumba? Yeye huwapakulia wote, naye hula mwisho, mara nyingi ugali mtupu uliobaki. Dawa yake huisahau kwa kuhangaikia watoto. Mumewe asipojua, nani atamkumbusha?

Kwa hiyo waite watu wa nyumbani, mkubaliane mambo manne.

La kwanza ni chakula. Mgonjwa asipikiwe sufuria yake peke yake. Wote mle chungu kimoja. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele au kabichi. Robo iwe maharage, samaki au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali au wali. Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo ina kiasi. Chai inyweke bila sukari. Chakula hiki kinawafaa wote, na mboga ziko bustanini.

La pili ni dawa. Zitumiwe kila siku kama mganga alivyoagiza, hata mgonjwa akijisikia mzima. Mtu akikuletea mizizi akisema uache dawa za hospitali, usimsikilize. Zamani mtoto aliyekosa insulini hakuwa na tumaini. Mwaka 1922, huko Kanada, mvulana wa miaka 14 alichomwa sindano ya insulini kwa mara ya kwanza, akapata nafuu. Tangu hapo wengi wameishi hadi uzee. Tuitupe nafasi hiyo?

La tatu ni miguu. Ioshwe, ikaushwe na itazamwe kila jioni, hata katikati ya vidole. Mgonjwa asitembee peku. Asiote moto kwa miguu, maana ataungua bila kujua. Kidonda hata kidogo, zahanati siku hiyo hiyo.

La nne ni hatari ya sukari kushuka. Huweza kumpata anayetumia insulini, na hata anayemeza baadhi ya vidonge, hasa akikosa kula. Hutetemeka, hutoka jasho, maneno yake huchanganyika. Asiyejua atasema amelewa, au amepandwa na pepo. Anayejua atampa haraka maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Akiwa amezimia, msimpe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Hapo siri inaweza kuua kwa saa chache.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kisomo chako kina kazi hapa. Nunua daftari. Andika tarehe, namba ya kipimo, na dawa uliyotumia. Kila uendapo zahanati, lichukue. Nyumbani liweke mahali ambapo kila mtu ataliona, si ghalani.

Anza leo. Jioni, baada ya chakula, kabla taa haijazimwa, waambie: "Nina kisukari. Nahitaji msaada wenu." Maneno hayo ni machache, lakini ni mazito kuyatamka. Ukishayatamka, mzigo umepata wabebaji.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini jirani wa mwandishi hakusikia maumivu ya mwiba?
2. Katika kijiji chenu, watu huficha magonjwa gani? Kwa nini?
3. Mgeni mwenye kisukari akija kwako, utampakulia nini?