Baisikeli na Matuta ya Shamba

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huenda kazini au sokoni kwa baisikeli. Mimi ni mmoja wao, na haya niandikayo yananihusu mimi kwanza.

Katika vilima vya Machakos yako matuta yaitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kuukingama mteremko, na udongo autoao huutupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua inyeshapo, maji huzuiwa yasiteremke kwa kasi, yakazama ardhini na kunywesha mahindi. Kazi hii ilienea sana katika miaka ya 1950, nayo ilifanywa kwa majembe ya mkono, na akina mama ndio waliobeba sehemu kubwa.

Basi huja mtu mwenye haraka, akapitisha baisikeli yake juu ya tuta ili apunguze mwendo. Alama ya gurudumu moja si kitu. Lakini kesho yake mwingine huifuata, kisha wa kumi, mpaka tuta huwa na pengo. Siku ya mvua kubwa maji yote hukimbilia penye pengo hilo, yakalipasua na kulivunja tuta la chini yake pia. Nami niliwahi kupita njia ya mkato kama hiyo karibu mwezi mzima. Mvua za vuli zilipoanza, nilimkuta mwenye shamba akiziba kwa mawe. Hakunigombeza. Alinipa jembe.

Katika njia nyembamba iko adabu nyingine. Mama aliyebeba kuni mgongoni kwa ukanda hawezi kugeuka upesi, na kengele ikilia ghafla nyuma yake humshtua. Afadhali umwamkie tangu mbali, kisha ushuke, umpishe. Penye ng'ombe pia shuka, umwache mchungaji awaondoe. Kengele huwatawanya, wakaingia katika maharagwe ya watu. Na lango ulilolikuta limefungwa, ulifunge. (Breki mbovu si udhuru, mwenye breki mbovu na ateremke kwa miguu.)

Njia ya zamani ikiharibika, msitoboe nyingine kando yake bila kumwuliza mwenye shamba. Mimi sasa hulizunguka shamba la yule mzee. Hunichukua dakika saba zaidi, na tuta lake limekwisha kuota majani.